Umekula au Hujala?

Bellevue, Johannesburg
6 Februari 2017

Carmel,

Sianzi kwa salamu, kwa sababu salamu ni za mtu aliyeaga, na wewe hukuaga. Jumamosi asubuhi uliniambia unakwenda Marshalltown kununua maua ya arusi ya Pacifique. Ukachukua mkoba mkubwa, nami kwa ujinga wangu nikakusifu mbele ya wateja kwamba binti yangu ana bidii, anataka maua mengi. Pacifique ameingia kanisani bila hata jani moja. Bibi arusi mzima ameshika kitambaa cha kufutia jasho! Mimi nimekaa kiti cha mbele nageuza shingo mlangoni mpaka mchungaji akaniuliza kama naumwa.

Jana baada ya ibada Shemasi Hénock akanivuta pembeni. Amekuona Diepsloot, unashuka kwenye gari jeusi la Gaël, lile lile la kubebea maiti. Tena ulikuwa umekaa mbele.

Gaël! Mtu aliyelelewa na bibi yako Lubumbashi, akala sahani moja na baba yako, akamwita kaka. Wewe mwenyewe utotoni ulimwita baba mdogo. Najua si damu moja, usinifundishe. Lakini baba mdogo ni baba, hata kama aliokotwa barabarani. Na kazi yake unaijua, maana na mimi naila kazi hiyo hiyo. Wanawake wetu wakifa hapa Johannesburg, yeye ndiye anayewasafirisha kurudi Kongo, na mimi ndiye ninayewasuka nywele, ili ndugu zao wasione aibu siku ya kufungua sanduku. Nyumba ile nimeingia mara nyingi. Kila nikitoka nilikuwa naoga kwanza kabla sijakugusa. Leo wewe umehamia humo. Wenye lugha yao wanasema Diepsloot maana yake ni mtaro mrefu kwenda chini, na mwanangu ameuingia kwa miguu yake, akiwa na mkoba.

Simu yako nimeifunga. Nimeapa mbele ya Mungu kwamba sauti yako sitaisikia mpaka urudi. Kukuandikia sikuapa, ndiyo sababu unaisoma karatasi hii. Hénock atakuletea, kwa kuwa yeye analinda duka huko.

Nakuuliza neno moja, na unijibu hilo kabla ya jingine lolote: umekula au hujala? Desturi unaijua. Msichana hali chakula kwa mwanamume kabla mama yake hajapokea kikwembe, kitenge cha mahari, kwa mikono yake mwenyewe. Mimi sijapokea hata uzi. Kama hujala, wewe bado ni wangu, na nitakuja kukuchukua hata kwa fimbo. Kama umekula, basi umejioza, na mimi sina mdomo tena. Maji si kitu, kunywa. Chai sina hakika, nitawauliza wazee.

Usile, Carmel.

Mama yako,
Jeannine


Diepsloot
9 Februari 2017

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu katika Bwana, hata kama wewe umeninyima salamu. Mimi ni mzima. Sikuibwa, wala hakuna aliyenifunga kamba. Nisamehe kwa maua ya Pacifique. Kwa hilo naomba msamaha, na kwa hilo tu.

Usiogope kuhusu nyumba. Ya kuishi na ya kazi ni mbili, na katikati kuna ukuta. Gaël anakusalimu. Ni mtu wa kimya, unamjua, na anakuogopa wewe kuliko anavyoogopa polisi. Alitaka kuja Bellevue kwa heshima zote, mimi nikamkataza, maana najua ungemmwagia yale maji ya moto ya kuchovya rasta.

Kuhusu desturi, muulize Baba.

Binti yako,
Carmel


Bellevue
11 Februari 2017

Baba Carmel,

Mtoto wako ananiambia nikuulize wewe. Haya, nakuuliza. Umefanya nini, Ignace?

Tangu nimefika nchi hii nimesimama nyuma ya vichwa vya watu mpaka miguu imevimba, wewe huko Lubumbashi, mtaani Kamalondo, umekaa barazani na shati jeupe, unasalimiana na wapita njia. Mtoto nimemlea mimi. Homa zake nimezikesha mimi. Sasa kuna jambo la mahari ambalo kuku wa jirani wanalijua na mimi silijui.

Jibu kwa mkono wako mwenyewe. Usimpe dada yako Arlène akuandikie, maana mwandiko wake naujua na ulimi wake naujua zaidi.

Jeannine


Lubumbashi
26 Februari 2017

Mama Carmel,

Pole na hasira. Wahenga walisema hasira hasara, na walikuwa watu wenye akili.

Ni kweli. Gaël alituma wazee, tukawapokea kama wazee wanavyopokewa. Walileta mbuzi, wakaleta na suti yangu, ambayo imenikaa vizuri sana mabegani. Kikwembe chako nacho kilikuja, kizuri mno. Kwa kuwa wewe uko mbali, Arlène alikipokea kwa niaba yako, akakivaa siku ile ile ili wageni wasidhani tumekikataa. Shangazi naye ni mama.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungepiga makelele na jambo zuri likaharibika. Gaël ni ndugu yangu. Nimempa ndugu yangu binti yangu, basi hakuna kilichotoka nje ya nyumba. Mama yangu alipofia huko kwenu, alipokuja kukutembelea, nani alimleta mpaka kaburini kwa heshima? Ni yeye. Kuna mabinti wamepewa walevi.

Binti anapoolewa baba anasema ndiyo. Mama analia kidogo, kisha anacheza. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Lia kidogo, Mama Carmel, kisha ucheze.

Mumeo,
Ignace


Bellevue
4 Machi 2017

Gaël,

Nikuite nani? Mwaka jana hapa saluni uliniita shemeji. Ukanisalimu kwa mikono miwili, ukala maharage yangu, ukasifu chumvi. Sasa nasikia mimi ni mama yako mkwe. Chagua. Mwanamke hawezi kuwa shemeji wa mtu asubuhi na mkwe wake jioni, hata huko chini kwenu mnakolala na wafu.

Mrudishe mtoto. Na kama wewe ni mwanamume, jibu mwenyewe.

Jeannine


Diepsloot
8 Machi 2017

Mama,

Barua yako kwa Gaël nimeifungua mimi. Karatasi zote zinazoingia nyumba hii nazifungua mimi. Hata wanaoleta vibali vya kusafirisha maiti siku hizi wakifika getini wanauliza kama Madame yupo. Madame ni mimi.

Nataka nikusimulie jambo, labda utanielewa kwa njia hiyo, kwa kuwa nikisema moja kwa moja hunisikii. Unamkumbuka Madame Jeptoo, yule Mkenya wa chuo kikuu unayemsuka? Kwenye masomo ya jioni alitufundisha habari za miungu ya Wagiriki wa zamani. Kulikuwa na msichana anaitwa Persefone. Mama yake, Demeta, ndiye aliyeotesha nafaka yote duniani. Baba yake, Zeu, alikuwa mkubwa wa miungu wote. Na huyo baba alikuwa na kaka yake, Hade, mfalme wa wafu, anayekaa chini ya ardhi. Siku moja Persefone anachuma maua na wenzake, ardhi ikapasuka, baba mkubwa akatoka na gari lake akamchukua. Zeu alikuwa amekwisha kukubali. Mama mtu hakuambiwa.

Demeta akatembea dunia nzima akimtafuta. Alipojua, akakasirika, akazuia mbegu zisiote. Watu wakakaribia kufa kwa njaa, na miungu wakakosa sadaka, mpaka Zeu akasalimu amri akasema msichana arudi. Lakini alikuwa amekula punje za komamanga huko chini, na anayekula huko ni wa huko. Basi wakamgawa. Sehemu ya mwaka kwa mama, sehemu kwa mume.

Darasa zima lilimhurumia mama. Mimi niliuliza swali: msichana mwenyewe alisemaje? Madame Jeptoo akacheka, akasema hilo wasimulizi wengi hawakuliuliza. Lakini akatuambia tabia yake alipokuwa malkia huko. Watu waliogopa hata kutaja jina lake, wakamwita Bibi. Waliotaka kulaani adui zao waliandika jina la adui, wakalizika kaburini, wakimwomba yeye amshughulikie. Na waliotaka huruma kwa wafu wao walimwendea yeye pia. Mume wake alikuwa na kiti, Mama. Neno lilikuwa la Bibi.

Fikiri kidogo habari za msichana huyo.

Carmel


Bellevue
15 Machi 2017

Carmel,

Nimefikiri. Nimefikiri sana.

Kwanza nilimngoja Jeptoo. Alipokuja nikamkalisha, nikamsuka nusu kichwa, nusu nikaiacha wazi, kisha nikamwuliza. Mwenye nusu kichwa hakimbii. Akaapa: "Mama Carmel, mimi sikumwambia aolewe! Nilimfunza tu hadithi ya Wagiriki, mtihani upite." Nikamwambia aeleze ukoo huo wote, asiruke mtu. Carmel, mbona hukuniambia kwamba huyo Zeu na huyo Demeta ni tumbo moja? Kaka na dada! Wamezaa, halafu mtoto wao akapewa kaka yao wa tatu! Huo ni ukoo au ni zizi? Na huyo Zeu, Jeptoo anasema kila mlango ana mtoto. Namjua mtu kama huyo. Amevaa suti mpya Kamalondo.

Msichana wako sina haja naye. Amekula, mjinga, kwa sababu ya njaa ya mchana mmoja. Lakini yule mama, aah, yule mama tunaelewana! Wote walikula ugali wake kila siku, hakuna aliyemwambia asante, siku ya kumtoa mwanawe hakuna aliyemwita. Ndipo akawaonyesha.

Mimi mahindi sina, nina vichwa. Jumatatu nimewaita wasusi wote wa Rockey Street, Wakongo na Warundi, nikawasimulia habari ya kikwembe changu kilichovaliwa na Arlène. Hawakuniacha nimalize. Mama Godelive akasimama, pamoja na uzee wake na kifua chake kile cha kukohoa, akapiga meza: "Shiye wote tuko nyuma yako! Kama leo banapokea kikwembe ya Jeannine, kesho banapokea ya nani?" Tukakubaliana. Kuanzia sasa hakuna msusi atakayekanyaga nyumba ya Gaël. Maiti yoyote itakayotoka kwake itatoka na kichwa kama kilivyo. Na wamama wa kwaya hawataimba mbele ya sanduku lake.

Asante kwa hadithi. Umesoma vizuri, na mimi nimejifunza.

Na bado hujanijibu. Umekula au hujala?

Mama yako,
Jeannine


Diepsloot
20 Mei 2017

Mama,

Nilinyamaza nikidhani utachoka. Huchoki.

Wiki iliyopita tulimpeleka Lubumbashi mama wa watoto wadogo. Alikwenda na kitambaa kichwani, amefungwa kama mtu anayeumwa jino. Mume wake alinishika mikono hapa ofisini, akaniambia, "Madame, bibi yangu alikuwa mutu wa kujipamba. Mama yake atamuonaje vile?" Nimwambie nini? Kwamba mama yangu ana ugomvi na mimi?

Watu wengine wamehamia kwa mzishi wa upande wa pili wa barabara, ambaye anawavalisha marehemu wigi za plastiki zinazometameta. Umeona wapi Mkongo mtu mzima anazikwa na wigi ya rangi ya chungwa? Nimeona mimi. Ni kazi yako.

Umegombana na walio hai, Mama, halafu unawapiga wasioweza kuinua mkono. Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Gaël anasema nikuombe. Sikuombi.

Carmel


Lubumbashi
11 Juni 2017

Mama Carmel mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani, kwa sababu barazani hapakaliki. Sanduku likifunguliwa hapa mtaani, wanawake hawalii tena, wanageuka wananitazama mimi. Suti siivai. Jumapili mama mmoja alinisimamisha mlangoni mwa kanisa akaniambia, "Weye ndiye ulinyima dada yangu kusukwa." Mimi! Arlène hawezi kwenda sokoni, wauza samaki wanamwuliza leo amevaa nguo ya nani.

Inatosha. Sema unachotaka. Kikwembe tutakirudisha, kimefuliwa mara moja tu.

Ignace


Bellevue
24 Juni 2017

Ignace,

Sasa umejifunza kusoma barua zangu.

Kikwembe kilichopita kiunoni mwa Arlène sikitaki hata cha kupigia deki. Nataka mtoto wangu. Ulimtoa kwa neno, mrudishe kwa neno. Mwandikie kwamba baba yake amefuta kauli, apande teksi arudi Bellevue. Mpaka siku hiyo sisuki.

Hapa ni baridi kali, nyasi zote zimekauka, na mimi naona ni sawa.

Jeannine


Lubumbashi
3 Julai 2017

Mama Carmel,

Nimemwandikia. Amenijibu mistari miwili, na kwa adabu yangu sitairudia.

Sasa na mimi nitasema, maana nimechoka kupigwa kwa jambo ambalo sikulianza. Wewe unadhani Gaël alikuja kwangu kumtaka binti yako? Gaël hana ulimi wa kuagiza hata chai. Muulize Carmel nani aliniandikia kwanza. Muulize.

Ignace


Diepsloot
12 Julai 2017

Mama,

Baba ameniambia kwamba amekuambia. Vizuri. Nimechoka kukuficha, na nimechoka kujificha nyuma yake.

Mimi ndiye niliyemwandikia Baba. Mimi ndiye niliyemwambia Gaël atume wazee. Tulikutana hapo hapo saluni kwako, akija kukuchukua kwa kazi, wewe ukiwa unatafuta viatu. Yeye ndiye aliyesema tukuambie kwanza. Mimi nikasema hapana. Kikwembe kupewa Shangazi Arlène ni mimi niliyepanga, kwa sababu wewe ungekichana mbele ya wazee.

Na nilikula. Nilikula Jumamosi ile ile, Pacifique hajafika hata madhabahuni. Gaël alisema tungoje. Nikaingia jikoni kwake, nikasonga bukari ya unga wa mahindi mwenyewe, nikakaanga samaki wa chumvi, nikakaa chini nikala mpaka sufuria ikabaki nyeupe. Unasema yule msichana wa Wagiriki alikuwa mjinga mwenye njaa. Mimi sikuwa na njaa. Desturi naijua kama wewe, na ndiyo sababu nilikula.

Unajua kwako nilikuwa nani? Nilikuwa mkono wa kukupa kitana. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, wateja wananiita mtoto wa Mama Jeannine, na wewe unanichagulia viatu. Kila mwanamume aliyekuja ulimtoa kasoro. Huyu mrefu mno, huyu anacheka mno, huyu Mkinshasa mno. Uliniogopea kila kitu mpaka nikaanza kukuogopa wewe. Hapa watu wanaingia wamevunjika, hawajui waanzie wapi, na mimi ndiye ninayewaambia wakae, ninayewaambia kitakachofuata. Naiweza kazi hii. Naipenda, Mama. Hilo ndilo nililokuficha, si mwanamume.

Sasa sikia. Mama Godelive ameletwa hapa jana. Kifua chake kile kimemshinda. Rafiki yako, aliyekupokea Park Station ulipofika Johannesburg hujui hata kwamba robot ni taa za barabarani, akakupa nusu ya kitanda chake na kona ya saluni yake. Wanawe walikuja kwako kwanza. Wananiambia ulilia, ukawakumbatia, halafu ukasema umeapa husuki nyumba ya Gaël. Binti yake alipiga magoti hapa ofisini kwangu akaniuliza: "Eish, Madame, mama yetu aliwasuka watu wote wa Bellevue. Yeye atasukwa na nani?"

Nimewaambia nitamsuka mimi.

Ibada ya kumuaga ni Jumamosi, hapo kanisani kwenu. Njoo umtazame, umdharau na aliyemsuka ukipenda. Lakini usiniulize tena kama nimekula.

Carmel


Bellevue
17 Julai 2017

Carmel,

Nilikwenda. Mlango ulikuwa umejaa, watu wakanipisha kama ninayeambukiza. Wale wale waliopiga meza pamoja na mimi mwezi wa tatu walikuwa wanatazama viatu vyao. Nilijua wanawaza nini, kwa kuwa na mimi nilikuwa nawaza hilo hilo. Godelive alikuwa wa kwanza kusimama upande wangu, na mimi nikamlipa kwa kumwacha alale kichwa wazi.

Nimeona haya, Carmel. Naliandika mara moja, sitaliandika tena.

Nikakuona. Umesimama kichwani pa sanduku, umevaa nyeusi, hulii. Wazee wa kanisa wanakuuliza kama wanaweza kusogea, wewe unatikisa kichwa, wanasogea. Mchungaji mwenyewe alikungoja. Sijui nilikuzaa wapi mtu huyo. Nilitaka nikushike masikio nikupeleke nyumbani, nikapiga hatua moja, nikarudi nyuma. Nilimtafuta mume wako nimchome macho, nikamwona mbali huko nje, amebeba makoti ya watu.

Sasa kazi yako. Mstari wa katikati umepinda kuanzia paji la uso. Upande wa kushoto umekaza mno, nyusi zimevutwa juu, Godelive ameonekana kama mtu aliyeshangaa, na yule mwanamke hakushangaa siku hata moja ya maisha yake. Masikioni umeharakisha. Nikainama karibu nikatazama nyuma ya shingo, mahali ambapo hakuna anayetazama. Pale umesuka taratibu, nywele nyembamba, mafundo yamefichwa ndani. Ule ni mkono wangu. Hukuniambia kwamba unao. Miaka yote hiyo unanipa kitana na kununa, kumbe macho yako yanaiba kazi. Hapo ndipo nilipolia, na watu wakadhani namlilia marehemu peke yake.

Nimewaambia wasusi warudi kazini. Hawakungoja nimalize sentensi.

Sijakusamehe. Umenidanganya kwa maua, umenitia kinywani mwa watu, umemruhusu Arlène avae kitu changu. Baba yako nitashughulika naye mwenyewe, asidhani baridi imekwisha. Na habari za kugawana mwaka kama Wagiriki wako usiniletee. Mimi si mama wa kupewa mwanawe kwa zamu. Ukitaka kuja Bellevue, njoo, hata leo, na usipotaka ubaki huko na wafu wako. Simu yako nimeifungua, lakini usinipigie kabla ya Alhamisi, bado nina maneno mabaya mdomoni.

Alhamisi nakuja Diepsloot. Hénock ananiambia kuna mama wa Kasenga ameletwa kwenu, na kwamba alikuwa na nywele nyingi. Utamsuka wewe mbele yangu, nikuonyeshe paji la uso linavyoachwa lipumue. Utakachopika nitakula. Usizidishe chumvi.

Neno la mwisho mwambie Gaël, kwa kuwa mimi siwezi kumwandikia tena. Nikifika asinifungulie geti. Asinipe mkono, asinisalimu kwa jina, asikae chumba nilichomo, na nikipita uani ageuze uso ukutani mpaka nimalize kupita. Kwetu mwanamume hatazamani na mama wa mke wake. Amelelewa nyumba nzuri, na hilo alipaswa kulijua bila kufundishwa.

Mama yako,
Jeannine